Sifa za Mkweche

Katika fasihi ya kale ya Wayunani uliwahi kustawi utanzu wa sifa ambao kwa makusudi ulichagua vitu visivyostahili sifa: Lucian alimsifu nzi, Synesius akausifu upara, na karne nyingi baadaye, mwaka 1511, Erasmus wa Rotterdam akachapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Kusini mwa Ziwa Victoria utanzu huo haukuhitaji kuletwa na meli ya mtu yeyote, kwa kuwa vikundi vya ngoma vya Wasukuma, yaani Bagika na Bagalu, vimezoea tangu zamani kushindana kwa majigambo, na jigambo likishanoga hakuna anayeuliza kama kinachosifiwa kina thamani yoyote. Linaloshangaza ni kwamba kati ya mabingwa hao wote, wa huko na wa huku, hakuna aliyeukumbuka mkweche, na dhuluma hiyo imedumu kiasi cha kutosha.

Mkweche, kwa maana itakayotumika hapa, si kila gari bovu. Gari bovu ni lile lililoharibika jana na litakalopona kesho likipata spea moja. Mkweche ni gari kuukuu ambalo ubovu wake umeacha kuwa tukio na umekuwa tabia, kisha likanunuliwa hivyohivyo na mtu mwenye akili timamu, kwa hiari yake, kwa nia ya kulifufua. Ipo mikweche ya kila ukoo, kuanzia Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne kati ya 1963 na 1968, hadi Volkswagen zile za mgongo wa mviringo. Lakini mkweche unaostahili kuwa kipimo cha mingine yote ni Land Rover ya kizazi cha pili, ile ndefu iitwayo 109, jina ambalo ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma, yaani kama sentimita 277.

Nasaba yake ni ya heshima. Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati ambapo Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kipimo baada ya vita, na kwa sababu hiyo kampuni ya Rover iliitengeneza bodi kwa aluminiamu, iliyopatikana kwa urahisi zaidi, ikaweka chuma kwenye chasi, ambayo ni fremu inayobeba injini, bodi na mzigo. Toleo la IIA lilianza mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata Uhuru, likaendelea hadi 1971, na katika miaka hiyo lilikuwa gari la kila mwenye shughuli ya maana katika Kanda ya Ziwa: bwana shamba aliyepeleka mbegu za pamba za kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ofisa wa ushirika, padri aliyezungukia vigango, askari wa wanyamapori wa Serengeti. (Mwalimu Nyerere mwenyewe, Oktoba 1967, alikwenda Mwanza kwa miguu kutoka Butiama, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha; sababu zake zilikuwa za kisiasa, lakini mwenye mkweche yeyote huielewa safari hiyo bila kufafanuliwa.) Baadaye Toyota Land Cruiser ilipochukua nafasi hiyo, wakongwe hao walisukumwa nyuma ya kinu cha pamba, kando ya karakana ya misheni au kwenye uwanja wa halmashauri, wakasubiri mnada wa hadhara. Huko ndiko mnunuzi huwakuta, matairi yakiwa yamezama ardhini na mti mdogo umeota pale ilipokuwa betri.

Sifa ya kwanza ya mkweche ni kutu yake, na hapa inafaa kutulia kidogo. Kutu ni zao la chuma kukutana na maji pamoja na oksijeni ya hewani, na kila penye chumvi kazi hiyo huharakishwa, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha kwa wepesi zaidi ule mkondo mdogo wa umeme unaoandamana na kuoza kwa chuma. Ndiyo maana gari lililozeekea Tanga au Unguja hutafunwa na upepo wa bahari kwa pupa, ilhali lililozeekea kando ya Ziwa Victoria, ambalo maji yake hayana chumvi, huliwa polepole na kwa adabu, likimwachia mwenyewe miaka ya kutosha ya kujidanganya. Huondolewa katika kanuni hiyo gari lililowahi kubeba kayabo, yaani sangara waliokaushwa kwa chumvi, kwa wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba, kwani hilo lilijichumia pwani yake binafsi, na kila mvua ya vuli inaponyesha sakafu yake hukumbuka na kunukia ipasavyo.

Wauzaji hutaja kwa sauti kubwa kwamba bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na kwamba aluminiamu haishiki kutu, jambo ambalo ni kweli kabisa na halina msaada wowote. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye unyevu, moja hujitoa mhanga kwa ajili ya nyingine; aluminiamu ikifungwa kwa bolti kwenye chuma, ndiyo inayoliwa, ikibaki unga mweupe unaopukutika ukiguswa kwa kidole. Chasi nayo ni bomba la pembe nne lililo wazi kwa ndani, na tope la barabarani likishaingia humo halina haraka ya kutoka, hivyo kutu huanzia ndani na hujitokeza nje ikiwa imeshamaliza kazi. Ni vigumu kupata katika maumbile mfano bora zaidi wa unyenyekevu. Puti, kwa upande mwingine, yaani kandiko linalochanganywa na kigumisho, likapakwa kwenye tundu, likakauka na kusuguliwa kwa msasa kabla ya kupuliziwa rangi, ni mwongo wa hadharani. Na mtu aliyewahi kuchokonoa puti nene kwa tindo akakuta chini yake gazeti lililokunjwa hatadanganywa tena kwa urahisi na chochote kilichopakwa rangi, ziwe ni kuta za nyumba ya kupanga au ahadi za wakati wa kampeni.

Anayetaka kuuona ukarimu wa kutu kwa karibu na aitazame bolti moja tu, ile inayopita kwenye sikio la springi za bapa, ambazo ni mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja. Bolti hiyo hupita ndani ya bushi, yaani kipande cha mpira chenye bomba jembamba la chuma katikati, na baada ya miaka mingi bolti na bomba hilo huwa kitu kimoja. Fundi huanza kwa spana, kisha huongeza bomba refu kwenye mpini wa spana, kisha hulala chali na kumimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, akaiacha ilale. Kesho yake huwasha gesi, akaichoma nati mpaka ikawa nyekundu, mpira wa bushi ukashika moto na kutoa moshi mweusi unaowafungisha madirisha majirani watatu; hugonga, huzungusha robo, hurudisha robo, hugonga tena. Nati hutoka. Bolti huzunguka kwa furaha pamoja na bushi yake, bila kusogea mbele hata kidogo, na mwishowe hukatwa kwa msumeno pande zote mbili. Zipo bolti nyingine za namna hiyo kwenye kila springi, na springi ni nne.

Kazi ambayo katika gari jipya ingekuwa ya dakika chache imechukua siku mbili, na katika siku hizo mbili wamekula watu wengi: fundi mwenyewe, kijana wake anayeshika tochi na kutafuta spana namba 17, mwenye mtungi wa gesi, dereva wa bodaboda aliyetumwa mara tatu dukani, mama ntilie aliyeleta wali maharage kwa mkopo, na fundi wa kukereza, yaani yule mwenye mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga, ambaye atatengeneza bolti mpya. Wachumi wametafuta kwa muda mrefu njia ya kuzitoa fedha kwenye mifuko ya wenye nazo na kuzifikisha mtaani bila kodi na bila semina. Mkweche umeifanya kazi hiyo katika mitaa ya Nyakato na Igoma jijini Mwanza kila siku ya kazi, na Jumamosi pia.

Hata hivyo, kuusifu mkweche kwa fedha peke yake ni kuupunja, kwa maana wadhifa wake mkubwa ni wa ualimu. Serikali ilianzisha SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na sheria ya mwaka 1994 ikaleta VETA kwa ajili ya mafunzo ya ufundi stadi. Mkweche haukutungiwa sheria yoyote, lakini gereji bubu, yaani zile zisizo na kibao wala leseni, zimejaa wahitimu wake. Sababu iko wazi. Gari la kisasa linapougua, fundi huchomeka kompyuta, husoma namba ya kosa, na hubadilisha kifaa kizima bila kujua kilichomo, ilhali injini ya petroli ya 109, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, haina siri kwa mwanafunzi. Kabureta, ambayo huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda, hufunguliwa kwa bisibisi, huoshwa kwa petroli ndani ya sufuria iliyokongoroka, na kila tundu lake hupulizwa kwa mdomo mpaka mwanga uonekane upande wa pili. Maradhi yake hutajwa kwa rangi: moshi wa bluu maana yake injini inakula oili kwa sababu ringi za pistoni zimechoka, moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa, na moshi mweupe usiokoma maana yake gasketi ya silinda hedi imeachia na maji yanaingia yasipotakiwa. Mgonjwa anayejieleza kwa ufasaha kiasi hicho ni nadra hata katika hospitali ya Bugando. Na elimu hiyo haibaki garini, kwa kuwa kijana aliyejifunzia kwenye mkweche ndiye huitwa mwaloni mashine ya boti inapogoma, na ndiye huitwa kijijini mashine ya kusaga inapozimika msimu wa mavuno.

Faida za kijamii zinaweza kupitiwa haraka. Gari zima ni mali ya ukoo; kuna mgonjwa wa kupelekwa, kuna mgeni wa kufuatwa stendi ya Nyegezi, kuna msiba Magu na harusi Sengerema, na mwenye gari hana neno la kukataa ambalo halitakumbukwa kwenye kikao cha familia. Gari lililo juu ya mawe haliazimwi na mtu. Haliibiwi, halisimamishwi na askari wa usalama barabarani, halilipi faini, wala halinywi mafuta, na Mwanza, jiji lililojengwa juu ya miamba na katikati ya miamba, haliwezi kukosa mawe ya kulisimamishia. Kuku hutaga chini ya kiti cha dereva na mayai yake hayachukuliwi na kunguru. Kuhusu gharama, ile methali isemayo kwamba mali bila daftari huisha bila habari imeeleweka vizuri sana na wenye mikweche, ndiyo maana hawaweki daftari: mali itaisha kwa vyovyote, na habari ndiyo ingewaumiza.

Mkweche vilevile umewahi kuwasumbua wanafalsafa, ingawa wao walizungumzia merikebu. Swali ni hili: gari likishabadilishwa bodi, injini, giaboksi, difu na viti, je, bado ni lile lililonunuliwa? Wayunani walibishana bila kufikia mwisho, lakini Mamlaka ya Mapato Tanzania hulijibu kwa kutazama namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma na kuilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Namba zikifanana, gari ni lile, hata kama kilichobaki cha asili ni kile kipande chenye namba. Hapo kutu huonesha ucheshi wake, kwani mara nyingine hupendelea kipande hichohicho.

Serikali yenyewe, ikitazamwa kwa haki, ni mpenzi mkubwa wa ufufuaji, isipokuwa tu kwamba mkweche wa mtu binafsi huitwa wazimu na wa serikali huitwa mradi. Meli ya MV Victoria ilitengenezwa Uskoti, ikasafirishwa vipandevipande hadi Kisumu, ikaunganishwa na kuanza kazi mwaka 1961, ikasimama 2014, na ikarudi majini 2020 ikiwa na injini mpya na jina refu zaidi, ikiendelea kuwapeleka watu wa Mwanza Bukoba kama kwamba hakuna kilichotokea. Kongwe kuliko hiyo ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg nchini Ujerumani na kuunganishwa Kigoma, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini. Mafundi wa Mwanza wanaopaka oili chafu, yaani ile iliyokwisha kutumika, chini ya chasi kabla ya masika wanafuata kanuni ileile ya wazamishaji hao, kwamba chuma kilichofunikwa kwa mafuta hakipati maji wala hewa ya kukiozesha.

Wapinzani wa mkweche wana hoja zao. Wapo wanaoleta methali kwamba la kuvunda halina ubani, na hao hujibiwa kwamba aliyeitunga hakuwahi kufika gereji. Wapo wanaosema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hao watazamwe baada ya miaka kumi, ushuru wa uchakavu ukiwa umeshapanda juu ya kila walichotamani kuagiza kutoka Japani. Hoja moja tu haina majibu ya mzaha. Gari la namna hii lina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, zinazosukumwa na mafuta kupitia mabomba membamba ya chuma ambayo nayo hula kutu, na bomba moja likipasuka kwenye mteremko wa Bugando huenda kusiwe na cha kulisimamisha gari isipokuwa kilicho mbele yake. Chasi iliyooza haiinami kwanza ili kutoa onyo, hukatika. Kwa hiyo inapaswa kueleweka kwamba sifa zote zilizotajwa hapa zinauhusu mkweche ukiwa juu ya mawe, na kwamba kadiri unavyokaribia barabara bila kuchomelewa na kukaguliwa ndivyo sifa hizo zinavyogeuka kuwa ushahidi wa polisi.

Na hapa ndipo pana huzuni ndogo ya somo lote hili, kwa sababu mkweche ukipona hupoteza karibu kila fadhila yake. Huanza kuazimwa. Hupambwa maua na kutangulia misafara ya harusi, hupigwa picha, na mwenyewe huanza kuzungumza na watu wasio na mikono michafu. Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover zilizokusanywa kwa tamasha maalumu, na zilizovutia macho zaidi zilikuwa zile kuukuu zilizong'arishwa. Hakuna aliyewakumbuka waliolala chini yake. Hata barabara zenyewe zimekuwa kali kwa wakongwe hao: zamani, kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, mtu angeweza kufungua boneti, akamwaga maji kwenye rejeta iliyochemka na kuifunga tena bila aibu, kwa kuwa kila mtu alikuwa amesimama; tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita tatu, gari linalochemka hapo huchemkia katikati ya ghuba, mbele ya mabasi.

Msomaji ambaye bado anakusudia kununua baada ya kusoma haya yote, na watakuwepo, aende mchana na asiende baada ya mvua, kwa kuwa maji huficha nyufa. Avae nguo za kazi, alale chini ya gari na kuigonga chasi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mdundo mfu na vumbi jekundu. Aombe kadi na ailinganishe na namba ya chasi kwa macho yake kabla hajataja bei. Muuzaji akikataa gari lake lisigongwe nyundo, msomaji na arudi nyumbani na fedha zake.